Maswali ya Wasomaji: Filamu za Kamera na Eksirei za Uwanja wa Ndege

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni msomaji wenu wa Shangani, Mtwara. Mjomba wangu aliniachia kamera ya zamani ya filamu, nami huitumia kupiga picha za ngoma ya mapiko huko Newala na za majahazi ya Mikindani. Kwa kuwa studio za hapa kwetu siku hizi zinashughulika na picha za dijitali tu, nilimpa mpwa wangu filamu zangu nne alipokuwa anasafiri kwa ndege kwenda Dar es Salaam na kisha Ulaya, ili akanisafishie huko. Zimerudi na mistari ya kijivu yenye mawimbi, inayokatiza picha tangu mwanzo wa filamu hadi mwisho, na picha za usiku ndizo zilizoharibika zaidi. Mwenye studio mmoja ananiambia ni joto la Mtwara, mpwa wangu naye anasema ni mashine za ukaguzi. Filamu alizitia kwenye begi kubwa alilolikabidhi kaunta. Yupi ana haki kati yao, na safari nyingine nifanyeje?

JIBU: Ndugu yetu wa Shangani, kwa maelezo uliyotupa mpwa wako ndiye mwenye haki, na kinachotuamulia shauri ni hayo mawimbi. Joto halichori mistari. Filamu iliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu wa pwani huchoka kwa ujumla wake: rangi huegemea upande mmoja, weusi hufifia na chembechembe huonekana kwa wingi, lakini madhara hayo huenea kote bila umbo maalumu. Mwanga uliopenya kwenye mlango wa kamera nao una alama yake, yaani mabaka ya rangi ya chungwa au nyekundu yanayoanzia ukingoni mwa filamu. Ukungu wenye umbo la wimbi linalojirudia, tena usiojali mpaka kati ya picha na picha, huachwa na mwali mwembamba wa eksirei uliokatiza filamu ikiwa bado imeviringishwa ndani ya kikopo chake.

Ukitaka kulithibitisha hilo nyumbani, chukua karatasi ndefu, iviringishe iwe bomba nene kama kidole gumba, kisha uikate kwa mshazari kwa kisu kikali. Ikunjue uitazame: ukingo uliokatwa haukunyooka bali unapanda na kushuka, na umbali kati ya wimbi na wimbi unapungua kadiri unavyokaribia kiini cha bomba. Mwali wa eksirei uliipita filamu yako kwa mstari ulionyooka, nayo ilipokunjuliwa maabara mstari huo ukawa wimbi. Sasa chukua negativu zenyewe, yaani filamu iliyokwisha kusafishwa, si picha zilizochapwa, uziinue kuelekea dirishani na uangalie ule utepe mwembamba ulio wazi kati ya picha moja na nyingine. Ukiona ukungu umepita hapo pia, mahali ambapo lenzi haikuweza kufikisha mwanga wowote, basi kosa si la upigaji wako.

Kwa nini eksirei iiguse filamu hata kidogo? Filamu ni plastiki iliyopakwa utando wa gelatini, na ndani ya utando huo mna fuwele ndogo mno za chumvi za fedha, hasa bromidi ya fedha. Fuwele ikipigwa na mwanga, atomu chache za fedha hujitenga ndani yake na kuacha alama isiyoonekana kwa macho, na dawa ya kusafishia ndiyo inayoikuza alama hiyo hadi fuwele nzima ikageuka fedha nyeusi. Fuwele haina namna ya kutofautisha jua la Mikindani na eksirei ya mkaguzi; vyote viwili huandika ndani yake. Hilo lilijulikana tangu siku za mwanzo kabisa, kwani Wilhelm Conrad Röntgen alipozigundua eksirei mwaka 1895, ushahidi uliompa umaarufu ulikuwa picha ya mifupa ya mkono wa mkewe, iliyopatikana kwenye bamba la kupigia picha. Hospitali nazo zilitegemea filamu za fedha kwa miongo mingi kwa kazi hiyohiyo. Kwa hiyo unapoingiza filamu kwenye mashine ya ukaguzi, unakiingiza kitu ambacho kwa asili yake ni kipokezi cha eksirei.

Mambo mawili huamua ukubwa wa madhara. La kwanza ni wepesi wa filamu wa kupokea mwanga, ambao huandikwa kwenye kikopo kwa namba ya ISO. Filamu yenye ISO 100 au 200 huvumilia zaidi, ya ISO 400 iko katikati, na zile za ISO 800, 1600 na 3200, ambazo ndizo wapigapicha wa ngoma za usiku huzikimbilia, huathirika upesi. Tahadhari iwe hiyohiyo kwa filamu ya ISO 400 unayokusudia maabara waikuze kana kwamba ni ya 1600, kwa sababu usafishaji huo hukuza pia ukungu. La pili ni kwamba madhara hujumlika. Kila mara filamu inapopita mashineni, kiasi kipya huongezwa juu ya kile cha zamani, na kuipumzisha kabatini hakukipunguzi. Hata hivyo picha zako za usiku zilikuwa na sababu nyingine ya kuumia: kwenye negativu, sehemu angavu huwa tayari zimejaa fedha, hivyo ukungu kidogo hauonekani, lakini sehemu za giza ni karibu tupu, na ni katika utupu huo ukungu unaposomeka waziwazi.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe, maana watu wengi husema tu "eksirei ya airport" kana kwamba ni kitu kimoja. Mashine inayokagua mizigo ya kukabidhi kaunta, ile inayoingia tumboni mwa ndege, ndiyo adui mkubwa. Tangu miaka ya 1990 viwanja vingi vikubwa vimetumia kwa mizigo hiyo skana za CT, yaani za jamii ileile inayotumika hospitalini kupiga picha za viungo vya ndani kwa vipande, na baadhi ya zile za mwanzo zilikuwa zikielekeza mwali mkali wenye upana wa kama sentimita 1 mahali palipotiliwa shaka. Mara moja tu inatosha kuiharibu filamu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, ambayo sisi hatuoni sababu yoyote ya kuilegeza, ni kwamba filamu ambayo haijasafishwa haitiwi kamwe kwenye begi la kukabidhi, hata kama ni ya ISO 50 na hata kama safari ni ya saa moja.

Mashine za kawaida za begi la mkononi, zile za miaka mingi zinazomwonyesha mkaguzi picha bapa yenye rangi ya chungwa, kijani na buluu, hutumia kiasi kidogo sana cha eksirei. Filamu za chini ya ISO 800 zikipita humo mara moja au mbili kwa kawaida hutoka salama. Tatizo la safari ya mpwa wako ni kwamba vituo ni vingi: Mtwara, kisha Dar es Salaam, kisha uwanja wa kubadilishia ndege, na pengine mlango mwingine wa ukaguzi ndani ya uwanja huohuo. Hesabu hupanda bila msafiri kujua.

Jambo jipya linalopaswa kukutia wasiwasi ni kwamba viwanja kadhaa vya nchi za nje vimeanza kuweka skana za CT hata kwa mabegi ya mkononi. Utaitambua kwa umbo lake kubwa na nene, na mara nyingi kwa maelekezo ya wakaguzi, kwani hapo huambiwi tena uitoe kompyuta mpakato kwenye begi. Kwa abiria wa kawaida ni nafuu kubwa. Kwa mwenye filamu ni hasara, na watengenezaji wenyewe, Kodak na Ilford wakiwemo, wanashauri filamu isipitishwe humo hata mara moja.

Njia iliyobaki ni kuomba filamu zikaguliwe kwa mkono. Zitoe kwenye boksi zake za karatasi na kwenye vikopo vya nje vya plastiki (si kile kikopo ambamo filamu yenyewe imeviringishwa, hicho usikifungue), uziweke zote katika mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha, kisha umkabidhi mkaguzi kabla begi lako halijafika mashineni, si baada ya begi kuingia ndipo uanze kupigania lirudishwe. Maneno ya kutumia ni ya adabu na mafupi: "Samahani afande, hizi ni filamu za kamera ambazo hazijasafishwa, naomba uzikague kwa mkono." Anaweza kuzipangusa kwa kitambaa maalumu cha kupima chembe za milipuko, na kitambaa hicho hakina dhara. Marekani kanuni zinampa abiria nafasi ya kuomba ukaguzi huo, lakini kwingineko uamuzi ni wa ofisa aliye mbele yako na anaweza kukataa, hivyo fika mapema, siku ambayo foleni haijamchosha. Usimwache mtu yeyote afungue mlango wa kamera yenye filamu ndani. Maliza filamu hiyo kwanza uitoe, au vuta picha zilizosalia hata kama ni za ukuta wa nyumba.

Mlango wa kupita mtu unaolia ukiwa na chuma hautumii eksirei, hivyo filamu iliyo mfukoni mwako haidhuriki hapo.

Kuhusu zile filamu nne, ukungu huo hautoki. Maabara ikizikopi kwa skana, programu ya kompyuta inaweza kuurudisha weusi kwa kiasi fulani, ila mawimbi yenyewe hupungua tu, hayafutiki. Picha za mchana za majahazi huenda zikafaa kuchapwa kwa nyeusi na nyeupe.

SWALI: Mhariri, salamu kutoka Lindi mjini. Binti yangu ana kamera ya Instax inayotoa picha papo kwa papo, na jamaa hutuletea pakiti za filamu kutoka Dubai. Pakiti ya mwisho picha zake zote zimetoka zimepauka, nyeusi imekuwa kijivu. Jirani amenishauri ninunue mfuko wenye utando wa madini ya risasi unaozuia eksirei. Ni kweli unasaidia?

JIBU: Mama wa Lindi, tuanze na picha kabla ya mfuko. Pakiti moja ya Instax ina karatasi 10, na filamu hiyo ni ya ISO 800, kwa hiyo iko katika kundi la zile zinazoathirika upesi. Picha zote kumi zikipauka kwa namna moja, chanzo kilizikuta zikiwa bado ndani ya pakiti: eksirei, joto, au muda wa matumizi uliopita, na tarehe ya mwisho imechapwa kwenye boksi. Zikipauka moja moja, hasa zile alizopiga karibu na uso wa mtu, mashaka yetu ni juu ya taa ya kamera. Filamu ya papo kwa papo ina ubaya mmoja zaidi, nao ni kwamba haina negativu ya kurejea. Ilichotoa ndicho hichohicho.

Waulize hao jamaa swali moja tu, pakiti ilisafiri katika begi gani. Tunabashiri watakujibu kwamba ilikuwa katika begi kubwa pamoja na nguo na manukato, kwa sababu ndipo zawadi nyingi za Dubai zinapokaa.

Ama mfuko wa risasi, sisi hatuupendekezi. Ni kweli risasi hupunguza eksirei, lakini mkaguzi anayetazama skrini huona doa jeusi asiloweza kupenya, na kazi yake ni kutokubali doa la namna hiyo. Katika begi la mkononi atakuita ulifungue, na hapo utakuwa umepata ukaguzi wa mkono kwa njia ya kuzunguka, baada ya begi kupita mashineni na pengine kurudishwa tena. Katika begi la kukabidhi mambo ni mabaya zaidi, kwani doa hilo ndilo linaloweza kuifanya mashine au mwendeshaji wake alichunguze begi upya, na huko skana ina nguvu ambazo mfuko mwembamba hauzimudu. Fedha za mfuko huo zinunulie pakiti nyingine, na mletaji aambiwe aibebe mkononi na aombe isipite mashineni.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Nachingwea. Nataka kumpelekea kijana wangu aliyeko nje negativu za harusi yetu, albamu ya picha, kadi ya kumbukumbu ya kamera na kanda ya video. Je, vitasalimika uwanjani?

JIBU: Mwalimu, vyote vitasalimika. Negativu iliyokwisha kusafishwa haina tena chumvi ya fedha ya kupokea mnururisho, kwa sababu dawa ya kukazia iliiyeyusha na kuiondoa yote iliyobaki; kilichomo sasa ni picha kamili. Picha za karatasi ni vivyo hivyo. Kadi ya kumbukumbu, flashi na simu hazidhuriwi na eksirei za ukaguzi, na kanda ya video huhofia sumaku yenye nguvu, si eksirei. Negativu na kanda zibebe mkononi hata hivyo, kwa sababu mabegi hupotea.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Kilwa Masoko na napiga picha za nyeusi na nyeupe za magofu ya Kilwa Kisiwani. Kwa kuwa naogopa viwanja vya ndege, filamu zangu nazituma Dar es Salaam kwa basi, na kutoka huko kampuni ya vifurushi huzipeleka kwenye maabara nje ya nchi. Je, nimeikwepa eksirei? Na je, naweza kuzisafisha mwenyewe nyumbani ilhali maji ya bombani kwetu ni ya vuguvugu mchana kutwa?

JIBU: Umeikwepa nusu ya kwanza ya safari, na si jambo dogo. Hata wasomaji wetu wa Mtwara wanaokwenda kupanda ndege ya kimataifa tungewashauri wafikirie basi hadi Dar es Salaam, kwa barabara ya Lindi, Nangurukuru na Kibiti, kwani huondoa ukaguzi mmoja kwenye hesabu. Ila filamu isikae kwenye buti wala juu ya dashibodi ambako jua la siku nzima huichemsha. Iwe ndani ya begi dogo, chini ya kiti, imefungwa kwenye mfuko usiopitisha unyevu. Ukimkabidhi kondakta, mweleze hivyo kwa kinywa chako, maana maandishi juu ya bahasha hayasomwi.

Nusu ya pili hukuikwepa. Vifurushi vinavyosafiri kwa ndege hukaguliwa kwa eksirei, na mtumaji hana sauti juu ya mashine gani au mara ngapi. Unaweza kuandika kwenye bahasha kwamba ndani mna filamu zisizosafishwa, na hakuna ubaya kufanya hivyo, ila usiutegemee. Kwa sababu hiyo swali lako la mwisho ndilo tunaloliona la maana kuliko yote tuliyopokea safari hii. Filamu ikisafishwa kabla haijaondoka Kilwa, inaweza kupita mashine zote za dunia bila kudhurika, na nyeusi na nyeupe ndiyo inayosafishwa kwa urahisi nyumbani.

Unahitaji tangi dogo la plastiki lisilopitisha mwanga, kipimajoto, devalopa (dawa ya kukuza picha), fiksa (dawa ya kukazia), na maji ya kusuuzia. Giza unalihitaji kwa dakika chache tu, wakati wa kuihamisha filamu kutoka kikopo kuingia tangini. Chumba kisicho na dirisha usiku, na blanketi chini ya mlango, vinatosha. Devalopa nyingi za unga, kama D-76, zimepangiwa nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya vuguvugu uliyonayo yamevuka hapo kwa mbali. Usisubiri yapoe yenyewe. Weka chupa ya devalopa ndani ya beseni la maji, kisha utie kando yake mfuko wa plastiki wenye barafu, ileile wanayonunua wachuuzi wa samaki, huku ukitikisa chupa na kutazama kipimajoto hadi kishuke. Barafu isiingie ndani ya dawa, kwani itaizimua.

Kama kufikia 20 ni tabu, fanya kazi kwenye 24 na upunguze muda, kwa kukadiria kwamba kila nyuzi moja inayozidi hukata takriban asilimia 8 ya dakika zilizoandikwa. Tuchukue filamu ya HP5 Plus ya Ilford katika D-76 isiyozimuliwa: dakika 7 na nusu za nyuzi 20 huwa dakika 5 na ushei za nyuzi 24. Usishuke chini ya dakika 5, kwa sababu dawa haipati nafasi ya kufanya kazi sawasawa filamu nzima na utaona mabaka. La muhimu kuliko namba ya joto yenyewe ni kwamba devalopa, fiksa na maji ya kusuuzia yakaribiane kwa joto. Gelatini iliyozoea nyuzi 20 ikimwagiwa ghafla maji ya nyuzi 30 huvimba na kulainika, na kucha ikiigusa kidogo tu huchubuka.

Wanaopiga picha za rangi wasikate tamaa, maana dawa za filamu ya rangi hutumika kwenye nyuzi 38 au karibu yake, na kwa hali ya hewa ya Kilwa ni rahisi kuyapasha maji kuliko kuyapoza. Kinachosumbua huko ni usahihi, kwani nusu nyuzi ikikosekana rangi hubadilika. Anayeanza aanze na nyeusi na nyeupe.

Filamu iliyosafishwa ikauke ikiwa imening'inizwa ndani ya chumba kisicho na upepo wa mchanga, kisha uikate vipande vya picha sita sita, uvitie kwenye bahasha za plastiki pamoja na pakiti ndogo ya kukausha unyevu inayopatikana kwenye maboksi ya viatu vipya, kwa sababu kuvu hupenda gelatini. Vipande hivyo utume kwa njia yoyote unayotaka, au utafute mwenye skana Dar es Salaam akukopie, nawe ubaki na negativu zako.